Aliyemwacha Ngasa Kisimani

Jumatatu, 8 Julai

Matone ya jicho la Baba, uji wa mtama, kisha shule. Amegoma tena kuvaa miwani myeusi aliyopewa hospitalini. Anasema inamfanya aonekane kama kondakta. Nimemwambia afadhali kondakta kuliko kipofu. Akacheka, akaivaa. Nilipogeuka mlangoni alikuwa ameshaivua.

Kidato cha Nne wameniudhi leo. Tumemaliza riwaya. Ngasa, mchimba visima hodari, anaapa mbele ya kijiji kizima kwamba hatapanda juu mpaka apate maji. Anachimba mpaka anagonga mwamba. Maji hakuna. Mkewe Kabula anamsihi apande, hataki. Mwenyekiti wa kijiji ameshawaahidi wakubwa kwamba maji yapo, kwa hiyo anazidi kumchochea. Rafiki yake Nkwabi, mshika kamba, anaiacha kamba aende kucheza ngoma, maana siku hiyo chama chake cha ngoma kinashindana. Ukuta wa kisima unaporomoka. Kesho yake asubuhi maji yanatoka, juu ya Ngasa.

Nikawauliza nani abebe lawama. Darasa zima sauti moja: alijitakia. Kiburi chake. Wakaandika, wakafunga madaftari, wakasubiri kengele.

Alijitakia. Neno la mtu mwenye haraka ya kwenda kula. Nimelichukia.

Jumanne, 9 Julai

Baba amechoka kukaa. Tangu apasuliwe mtoto wa jicho kule Bariadi yuko hapa kwangu Lagangabilili, na daktari amemkataza kila kitu anachokipenda. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asikae kwenye vumbi wala moshi. Mtu aliyeamka na jembe maisha yake yote sasa anaamka na redio. Anahesabu kuku wa jirani na kunikosoa ninavyosonga ugali. Nina miaka thelathini na sita na bado naambiwa ugali wangu ni mlaini kama wa mgonjwa. Nikamjibu kwamba mgonjwa si ndiye yeye.

Jioni niliketi kutayarisha somo. Nasoma kwa sauti, ni tabia yangu tangu utotoni, marehemu mama alikuwa akinicheka. Nilifika mahali Ngasa anapoapa. Baba akazima redio.

"Huyo Ngasa ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia ni hadithi tu, Baba, ni kitabu.

"Nimesikia ni kitabu. Mtoto wa nani?"

Wa Mzee Malale, nikamjibu. Akatikisa kichwa kama anayewafahamu watu wa mji ule. Akaniambia nianze mwanzo, nisiruke kitu. Kwa hiyo nimeanza mwanzo. Sauti imekauka, lakini ni mara ya kwanza wiki hii hajauliza atarudi lini nyumbani Migato.

Alhamisi, 11 Julai

Mdogo wangu Mabula kapiga simu nikiwa ofisini. Amepata fuso mbili. Wanaondoka Jumamosi ya tarehe ishirini na saba. Yeye, mkewe Holo, watoto na ng'ombe wote. Lindi. Anasema Migato malisho yameisha, mashamba yamebanana, kila wiki ng'ombe wameingia kwa mtu na kesi juu. Yote hayo ni kweli. Nimesikiliza huku nikiwa nimeshika kalamu nyekundu na sikuweza kuandika hata alama moja.

Kisha akauliza anachouliza siku zote. Baba kasemaje?

Baba hajasema kitu. Alipoambiwa wakati wa Pasaka alijibu kwamba makaburi ya wazee wake yako Migato, na tangu hapo jina la Mabula halimtoki mdomoni. Kwetu mtoto hahami hivihivi. Baba huchukua maji kinywani, akampulizia kifuani, akamwambia neno la safari. Sisi ni Wakatoliki, na padri tutamwita, lakini maji ya baba ni maji ya baba. Mabula anasema ataondoka hata bila hayo. Alisema kwa kujikaza. Namjua, nimembeba mgongoni huyu.

Najua pia ugomvi wao ulipoanzia. Mwaka aliolima peke yake mara ya kwanza, kwa ng'ombe wake mwenyewe, shamba kubwa la pamba mpaka watu wakawa wanasimama njiani. Alimwita Baba aje aone. Baba akasimama mwanzo wa shamba, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Mistari imepinda." Akarudi nyumbani. Holo alikuwa amepika kuku.

Baba hakuwa na ubaya. Kwake mtoto hasifiwi usoni, huharibika. Nyuma yake alimsifu mpaka watu wakachoka. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia watu mnadani kwamba mwanawe analima kama watu kumi. Mimi nilisikia, mnada ulisikia, Mabula hakusikia. Ndivyo tulivyo. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 13 Julai

Tumemaliza kitabu. Nilisoma tangu baada ya kufua mpaka jua likapungua makali, Baba kwenye kochi, miwani usoni safari hii bila kuambiwa.

Alinisimamisha mara nyingi. Kamba ilikuwa ya katani au ya nailoni? Kisima cha kina kile, kwa nini hawakujengea kuta? Kitabu hakisemi. Akamlaumu mwandishi.

Kuna ukurasa mmoja nilikuwa nauogopa. Ngasa yuko chini siku ya pili, hali chakula, hapandi. Watu wanakwenda kwa baba yake, Mzee Malale, wanamkuta ameketi anasuka kamba ya kufungia ndama. Wanamwambia mwanao amekataa kupanda, labda wewe atakusikia. Mzee haachi kusuka. Anasema, "Maji yakipatikana mniite." Nilisoma polepole kidogo. Baba akakohoa, akaomba maji ya kunywa, akasema endelea.

Mwisho, maji yalipotoka na Ngasa yuko chini yake, Baba alibaki na kikombe mkononi. Chai yake ilipoa. Kisha akauliza swali ambalo miaka yote ninayofundisha hajaniuliza mwanafunzi wala mkaguzi.

"Waliyanywa?"

Sikuelewa.

"Yale maji. Waliyanywa?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho kama vile labda kuna mstari niliouruka. Hakuna. Akainua mkono kufuta macho, nikauwahi mkono wake, maana daktari alisema asisugue. Nikamfuta mimi kwa pamba. Jicho zima na jicho lililopasuliwa, yote mawili yalikuwa yamelowa.

Jumapili, 14 Julai

Nimetoka misani nikakuta uani kwangu watu. Baba amewahadithia riwaya nzima. Mzee Seni, jirani mwenye mabanda ya kuku, na Mama Zaituni mwenye duka la vitenge na mafuta ya kula hapo barabarani. Na wengine waliokuja kununua mayai wakanasa.

Amesimulia vizuri kuliko kitabu, naona wivu. Ila ameiongezea. Ngasa sasa ana ng'ombe wanne waliobaki bila mchungaji.

Ugomvi ukawa juu ya Nkwabi, aliyeacha kamba. Baba anasema Nkwabi ndiye muuaji, mshika kamba haendi hata haja ndogo. Mzee Seni akawaka. Alicheza ngoma ujana wake wote, alicheza na nyoka, ana kovu. Kamwambia Baba kwamba chama chako kikishindana ukakosekana huna tena uso wa kuonyesha watu, hata binti wa kuoa humpati. Baba akamwambia ujinga huo ni wa chama chenu. Maana Baba alikuwa wa chama cha pili. Kwa robo saa Ngasa alisahaulika kabisa, ikawa ni nani alimshinda nani mwaka gani, na dawa ya nani ilivuta watu. Wazee wawili, mmoja haoni vizuri na mmoja hasikii vizuri.

Mama Zaituni alicheka mpaka akashika mbavu. Ni Mgogo wa Dodoma, mtani wetu, na utani wake hauna likizo. Akawaambia Wasukuma mkiambiwa mtu kafa mnauliza ngoma ilipigwa wapi. Baba akamwambia wewe umekuja kuomba chumvi, usiingilie kesi. Walifurahi wote. Nikapika ugali mgumu.

Jumatano, 17 Julai

Niliwaambia Kidato cha Nne kwamba baba yangu anataka kujua kama wanakijiji waliyanywa yale maji. Walicheka. Halafu kicheko kikaisha chenyewe. Limi, yule wa kiti cha nyuma asiyefungua mdomo, akasema wangeyanywa tu, Mwalimu, kiu haina aibu. Kipindi kizima wakabishana. Neno alijitakia halikusikika hata mara moja.

Nimerudi nimefurahi. Nikamkuta Baba amechoka na mawazo. Anasema kesi ile haijakwisha na haiwezi kwisha kwa kelele. Itasikilizwa Jumamosi, rasmi. Ila kuna tatizo, kesi haisikilizwi mshtakiwa hayupo. Kwetu Migato mtu akisomewa hukumu nyuma ya mgongo wake, hukumu haina nguvu. Kwa hiyo lazima kila aliyetajwa awepo.

Nikamwambia Baba, hawa watu wameandikwa tu.

Akasema basi atafutwe wa kukaa badala yao. Nikaona hana mzaha hata chembe. Na mimi, mwenye shahada, nikajikuta nahesabu viti.

Mabula kanitumia ujumbe. Ng'ombe wamechanjwa, vibali tayari. Hakuuliza habari ya Baba. Hiyo ndiyo imeniumiza.

Ijumaa, 19 Julai

Nimejaribu. Wakati wa matone, kichwa chake kimeegemea kochi na hawezi kunikimbia, nikamwambia kwamba Mabula anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Akafumba macho, tone likamwagikia shavuni. Akasema nimemwaga dawa.

Jumamosi, 20 Julai

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Viti uani, kivulini mwa ukuta wa jiko. Baba hakimu, amevaa koti la harusi ya binamu yangu na miwani myeusi. Mzee Seni amekaa badala ya Nkwabi mshika kamba, kwa hiari yake, tena kwa fahari. Mwalimu mwenzangu Doto ndiye mwenyekiti wa kijiji, maana anapenda kusema. Mama Zaituni ni Kabula, mke wa marehemu. Amefunga duka, amejifunga kanga kiunoni. Kiti cha Ngasa hakikukaliwa na mtu. Baba alikataa mtu kukikalia. Tukaweka ndoo.

Nilidhani watacheka. Hawakucheka. Mzee Seni alijitetea hasa, akasema aliifunga kamba kwenye gogo, akaaga, akamwambia Ngasa narudi, na Ngasa akamwambia nenda kacheze. Hilo kitabuni lipo, nikathibitisha. Mzee Seni akashika kifundo cha mguu. Akasema, "Nilirudi mbio na njuga zangu miguuni." Hiyo haimo kitabuni. Sikumsahihisha. Doto akajitetea kwamba mwenyekiti naye ana wakubwa wake. Mama Zaituni alisema kidogo tu. "Nilimwita apande, nilimpikia, nilimteremshia chakula kikarudi vilevile."

Baba akawasikiliza kwa zamu, akauliza maswali mafupi. Wakaanza kuelekea hukumu, nikaona itaangukia kwa Nkwabi kama kawaida. Ndipo Mama Zaituni akainua mkono, akauliza kiti cha baba wa Ngasa kiko wapi.

Baba akasema Mzee Malale hahusiki. Hakuchochea, hakuacha kamba, hakuwa hata kisimani.

"Ndiyo kesi yenyewe hiyo, mtani wangu," Mama Zaituni akasema. "Hakuwa kisimani."

Akainuka, akavuta kigoda changu cha jikoni, akakiweka katikati karibu na ile ndoo. Hakuwa anacheka sasa.

"Na wewe Jumamosi ijayo utakuwa wapi, baba Mabula?"

Mtu mwingine yeyote angefukuzwa. Mtani hafukuzwi, na kwa neno la mtani hakuna kukasirika. Mzee Seni alitazama chini. Doto alikumbuka kwamba ana mtihani wa kutunga. Vidole vya Baba vikakitafuta kifungo cha koti na kukikosa. Kisha akasimama, akaingia ndani akipapasa ukuta. Alinikataza kumshika mkono.

Kesi imevunjika. Ndoo bado iko kwenye kiti. Sina moyo wa kuiondoa.

Jumapili, 21 Julai

Hajala. Hajasema neno. Hakwenda kanisani.

Nilikwenda dukani kwa Mama Zaituni kugombana naye. Nilimwambia yule ni mzee, ni mgonjwa, ametoka kupasuliwa, na mambo ya nyumbani kwetu nilimweleza kama rafiki, si ya kumtolea mbele za watu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja vitenge. Akasema yeye ni mtani, na mtani anayeona moshi akanyamaza ana kazi gani. Kisha akanipa lita moja ya mafuta ya kula. Nikakataa. Akaifunga kwenye mfuko akanining'inizia mkononi, akasema hii si ya kwako, ni ya kumkaangia mayai mtani wangu.

Nimetoka na mafuta na hasira zangu zote.

Jumatatu, 22 Julai

Kimya. Matone anakubali. Shingo yake imekonda.

Jumanne, 23 Julai

Nimekosa uvumilivu nikamfokea. Nilimwambia kwamba Mabula analima vizuri, kila mtu anajua, na yeye mwenyewe anajua. Kwa nini isiwe hata neno moja. Nikalia mbele yake kama mtoto wa chekechea. Baadaye nilimsikia jikoni anapapasa, nikamkuta amenipakulia chakula. Amemwaga mboga nusu nzima. Amenipa mimi kipande cha samaki chenye kichwa, kama alivyokuwa akifanya nikifaulu mtihani.

Jumatano, 24 Julai

Jioni alisema, "Mayu," yaani mama, jina aniitalo akiwa mpole, "nisomee pale."

Sikuuliza wapi. Nikafungua ukurasa wa Mzee Malale. Watu wanafika, mzee anasuka kamba ya ndama, wanamwambia mwanao amekataa kupanda. Maji yakipatikana mniite.

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Mara ya tatu nilishindwa kumaliza.

Halafu akaanza kusema kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, na mimi naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ninachokijua kukiandika. Alisema yule mzee hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa kwenda. Angefika pale kisimani angemwambia nini? Hakufundishwa maneno hayo. Baba yake hakumwambia, na baba wa baba yake hakumwambia. Alijua kusuka kamba, basi akasuka kamba. Alisema Nkwabi ana kosa lake, na mwenyekiti ana lake, na Ngasa mwenyewe ana kiburi, hilo halikataliki. Lakini mtu hukaa chini ya kisima bila maji kwa sababu anaona akipanda mikono mitupu hana nyumba ya kuingia. Na nyumba ni ya baba.

Ndiyo hukumu. Ameitoa mimi na yeye tu tukiwepo, na ndoo.

Kisha kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya siku zote, akasema ugali wa jana ulikuwa mlaini. Na kesho kutwa nimpeleke Migato.

Ijumaa, 26 Julai

Niliomba ruhusa shule. Tulikwenda kwa bajaji, mimi nimemfunika uso wote kwa kanga kuzuia vumbi, miwani juu ya kanga. Dereva alidhani nimembeba bibi. Baba akamsalimia kwa sauti nzito, mwangaluka, kijana wa watu nusura atutumbukize mtaroni.

Kwa Mabula vitu vimeshafungwa. Masufuria kwenye magunia, vitanda vimefunguliwa, ua umefagiwa safi mno. Holo alipotuona alipiga magoti kusalimia, akabaki hapohapo, hakuinuka upesi. Mabula alitoka zizini na samadi mikononi. Wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya mnada. Mhola? Mhola.

Baba hakutaka kiti. Akasema anataka shamba.

Pamba imeshavunwa, imebaki miti mikavu tu, mistari yote inaonekana wazi. Shamba lilelile. Baba aliondoa kanga usoni, nikataka kumkataza, nikaacha. Akauliza mstari wa kwanza uko wapi. Mabula akamwonyesha. Akaanza kutembea, mkono wa kushoto unagusa vichwa vya ile miti mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka mwisho wa shamba. Akageuka, akaingia mstari wa pili, akarudi. Upepo ulikuwa unavuma vumbi na mimi nimeshika chupa ya matone kama mjinga. Mabula alisimama mwanzo wa shamba. Mikono yake haikujua pa kukaa.

Baba alipofika kwetu alipangusa viganja.

"Wakati ule nilisimama hapa," akasema. "Sikuingia ndani. Mtu akisimama hapa ukingoni, shamba hupinda."

Basi. Hayo tu. Mabula aligeuka upande wa zizi akasema ndama mmoja amelegea, anakwenda kumtazama. Hapakuwa na ndama aliyelegea. Alikaa huko muda mrefu na akarudi amenawa uso.

Jumamosi, 27 Julai

Asubuhi. Padri wa parokia alikuja mapema, akabariki magari na ng'ombe. Baba alivua kofia kwa padri. Padri alipoondoka akaivaa.

Akaomba maji. Holo akaleta kwenye kibuyu cha mama. Sikujua kama bado kipo. Mabula akapiga magoti, mtu mzima na ndevu zake, watoto nyuma yake wametulia. Baba akachukua maji kinywani akampulizia kifuani, shati likalowa. Mara ya pili nikamshikia kibuyu. Kwa kawaida hapo husemwa nenda ukazae, ng'ombe wajae, ukawe mtu miongoni mwa watu. Niliyasubiri. Mabula naye aliyasubiri, ameinamisha kichwa.

Baba akainama. Daktari alimkataza kuinama, na aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Mabula.

"Ng'wanone, mwanangu. Ukichimba huko, maji yasipatikane, panda juu. Uje hata mikono mitupu. Nitakuwa hapo kisimani."

Mabula hajasoma kile kitabu. Hajui Ngasa ni nani. Lakini alimshika Baba miguu, na yule mdogo wangu ambaye hakulia hata tulipomzika mama, alilia. Baba akamwekea kiganja kichwani na kukiacha hapo. Ng'ombe walikuwa wanalia ndani ya fuso. Dereva alipiga honi mara moja, akatazama, hakupiga tena.

Nimelia pia. Sioni aibu.

Jumatatu, 29 Julai

Nimempeleka Bariadi kuangaliwa jicho. Limekuwa jekundu kidogo, vumbi. Daktari kafoka. Baba kamsikiliza kwa adabu zote, kichwa chini, kisha akamuuliza kama ana watoto.

Mabula kapiga simu akiwa njiani. Wamefika Dodoma salama. Baba akaniambia nimwambie Mama Zaituni kwamba mwanawe amepita kwao na hakuombwa chumvi. Nilipofikisha ujumbe, mama wa watu alicheka mpaka akakaa juu ya magunia. Kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Sina hasira naye tena. Sijamwambia bado.

Jumapili, 4 Agosti

Siku tulivu. Misa, nguo, kusahihisha insha. Limi ameandika kurasa nne za lawama ya anguko la Ngasa. Ametaja wote, kila mmoja na kosa lake, na mwisho akaandika kwamba labda sisi wasomaji nasi tulikuwa tunangoja maji. Sijui nimpe alama ngapi. Nimeiweka pembeni.

Kina Mabula wamefika. Majani marefu, anasema, mpaka ng'ombe wanashangaa. Mbu ni wengi. Alizungumza na Baba mwenyewe, Baba akamuuliza habari ya maji, Mabula akasema mto upo karibu. Baba akasema vizuri. Amesema vizuri. Sijui kama Mabula alilisikia neno hilo, laini ilikuwa inakwaruza.

Baada ya chakula Baba akaniomba nimsomee riwaya tangu mwanzo. Nikamwambia tutafute nyingine, hii unaijua mwisho wake. Akasema hiyohiyo. Nikasoma. Utoto wa Ngasa, kisima chake cha kwanza, harusi yake na Kabula. Jua likashuka mpaka kwenye kiti chenye ndoo. Nikafika asubuhi ya kiapo, kijiji kimekusanyika, Ngasa amejifunga kamba kiunoni, ameweka mguu mmoja ukingoni.

Baba akanishika mkono.

"Simama hapo, mayu. Leo asishuke."

Nikafunga kitabu, nikaenda kuchemsha chai.